Fanani, Profesa na Kanda ya Funga Kazi

Neno fanani tumefundishwa sote mwaka wa kwanza. Fanani ndiye mtambaji wa ngano, ndiye mghani, ndiye anayesimama mbele ya hadhira akatoa kazi yake kwa mdomo na kwa mwili. Tukakariri kwamba bila fanani, hadhira na tukio hakuna fasihi simulizi, tukajibu mtihani, tukafaulu. Basi katika kundi la Hard Blasters Crew, ambalo vijana walilikatisha likawa HBC, alikuwamo kijana aliyefahamika kwa jina hilohilo la Fanani. Pamoja naye alikuwapo Big Willy, na alikuwapo Joseph Haule, aliyejiita Nigga J, ambaye baadaye Tanzania nzima ilimjua kwa jina la Professor Jay. Kundi moja lina Fanani na lina Profesa, halafu sisi wa fasihi tunalipita kama hatulioni! Makala haya yanajaribu kueleza safari ya kundi hilo na kanda waliyotuachia, na kwa nini kazi ile inatuhusu sisi tunaojiita wahakiki.

Nianze na namna nilivyoisikia, maana hadhira nayo ina habari zake. Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa ukafika Sangasanga, unaiacha barabara kuu unakata upande wa Mzumbe, unaendelea mpaka Mlali, kabla barabara haijaanza kupanda milima kwenda Mgeta. Hapo ndipo kwetu. Mwaka 2000 mimi nilikuwa darasa la tano (ndiyo, miongoni mwa wenzangu darasani mimi ni mtu mzima, nimefundisha shule ya msingi kwanza ndipo nikaja chuoni). Magari ya kabichi, karoti na njegere yalikuwa yakishuka kutoka Mgeta kwenda Kariakoo, na yakirudi yanarudi na kila kitu cha mjini: sabuni, mitumba, maneno mapya na kanda. Kaka yangu alikuwa utingo wa gari mojawapo. Siku moja akashuka na kanda ya Funga Kazi, akaitia kwenye redio kaseti ya betri pale kibandani, watu wakajaa.

Babu yangu alikuwapo. Yeye ni mtu wa enzi nyingine. Kwake muziki ulikuwa Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na haikumwingia akilini kwamba mji uliotoa watu wale ungeweza kusikiliza kitu kisicho na gitaa la solo. Akasikiliza upande mzima wa kanda, akauliza, "Huyu mtoto anagombana na nani?" Kaka akacheka, akamjibu, "Babu, hagombani, anachana." Babu akasema, "Haya, anachana nini?"

Swali la babu sijalijibu mpaka leo kwa namna inayoniridhisha, na ndilo lililonifanya niandike.

Tuangalie kwanza walikotoka. Kufoka kwa Kiswahili hakukuanza na HBC. Mwaka 1991 Saleh Jabir, aliyejulikana kama Saleh J, alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza jijini Dar es Salaam kwa kuweka maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice. Mdundo wa Mmarekani, maneno ya kwetu. Mwaka 1993 makundi kadhaa ya vijana wa Dar es Salaam yaliungana yakazaa Kwanza Unit, na hawa walichanganya Kiingereza na Kiswahili mpaka kwenye Kwanzanians ya mwaka 1999. Joseph Mbilinyi wa Mbeya, yule Mr. II tunayemwita Sugu, alikwisha kuonyesha katikati ya miaka ya 1990 kwamba kanda nzima ya Kiswahili inauzika. Nigga J aliingia Hard Blasters mwaka 1994, na mwaka 1995 kundi likatajwa kuwa kundi bora la hip hop nchini.

Sasa hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Mwaka 1995 ni kundi bora. Albamu ya kwanza, Funga Kazi, imetoka mwaka 2000. Miaka mitano! Mshairi wa kitabu angesema mchapishaji amekalia mswada. Hapa mchapishaji ni studio, na studio zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Redio nayo ilikuwa ndiyo kwanza imefunguka. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa na Redio Tanzania peke yake, na Redio Tanzania ilikuwa na bendi zake za dansi na taarabu. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango, Radio One ikaanza mwaka 1994, na kipindi cha DJ Show, alichokiendesha Taji Liundi na baadaye Mike Mhagama, kikawapa vijana hawa masikio ya watu. Huyo Mhagama ndiye anayesifiwa kwa kulitamka jina la Bongo Flava redioni mwaka 1996. Kwa hiyo anayesema kwamba muziki huu ni zao la utandawazi tu amesema nusu. Ni zao la sheria pia, na la mtu fulani kukubali kucheza kanda ya kijana asiyemjua.

Studio iliyoitoa Funga Kazi ni Bongo Records ya P-Funk Majani, kijana ambaye baba yake ni Mholanzi na mama yake Mtanzania. Wahakiki wa vitabu hatuna desturi ya kumtaja mpiga chapa, lakini hapa hatuna budi. Kwenye kazi ya namna hii mdundo si pambo la maneno, mdundo ndio karatasi. Saleh J alichukua karatasi ya mtu mwingine akaandika juu yake. HBC waliandikia juu ya karatasi iliyotengenezwa Dar es Salaam, nafasi za sauti zikapimwa kwa ajili ya maneno ya Kiswahili, na tofauti hiyo inasikika hata kwa mtu asiyejua lolote la mitambo.

Niingie kwenye fani. Walimu wetu wanakumbuka mgogoro wa ushairi uliochachamaa baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974: wanamapokeo upande huu na vina na mizani, wanamabadiliko upande ule na mashairi huru. Tumeusoma mgogoro ule kama vita ya pande mbili. Kundi kama HBC linatuharibia hesabu, kwa sababu halipo upande wowote. Vina wameviweka, tena kwa uchu ambao hata malenga wa pwani angetabasamu. Mizani wameitupa. Shairi la kimapokeo la mizani kumi na sita linakatwa katikati, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho, na ukizidisha silabi moja unaambiwa umeguni. Mchanaji hahesabu silabi. Anahesabu mapigo. Mstari wake una mapigo manne ya ngoma, na ndani ya mapigo hayo anaweza kuweka silabi tisa akapumua, au ishirini akakimbia. Kinachopimwa ni muda.

Na Kiswahili kinamsaidia na kumsumbua kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kila neno letu la asili linaishia na irabu, vina ni vingi mno, vimetapakaa kama mchanga. Mtu yeyote anaweza kufunga kazi na wazi na ngazi, mtoto wa darasa la pili anaweza. Kina cha bei rahisi hakimshangazi mtu. Ndiyo maana mchanaji mzuri wa Kiswahili anatafuta kina kisichotarajiwa: analeta neno la mtaani, au jina la mahali, au neno la kigeni lililotiwa irabu mkiani, alifunge na neno la kawaida. Aidha mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo la ngoma linataka mkazo. Neno likikaa vibaya, mkazo unaangukia pasipo pake, na msikilizaji anaona kama vile mwimbaji ni mgeni. Wachanaji wa mwanzo walikuwa na tatizo hili, walikuwa wanatamka Kiswahili kwa pua ya New York. Msikilize Nigga J kwenye "Chemsha Bongo" uone jambo hili limekwisha. Anazungumza. Anazungumza kama mtu wa kijiweni anayekusimulia yaliyomkuta, na ngoma inamfuata yeye.

"Chemsha Bongo" ndio wimbo uliolibeba kundi, na ulitunukiwa kama wimbo bora wa hip hop. Msimulizi yuko katika nafsi ya kwanza: kijana aliyeyachezea maisha, na sasa anawasihi wenzake watumie akili. Dhamira si ngeni. Adili na Nduguze wa Shaaban Robert yumo humo, na nusu ya nyimbo za dansi zimo humo. Kipya ni mahali msimulizi aliposimama. Kwenye utenzi wa mawaidha, anayeshauri yuko juu: ni mzazi, ni shehe, ni mtu mzima anayemwambia binti au kijana. Hapa anayeshauri yuko chini kuliko anayeshauriwa. Hana mamlaka yoyote ila kwamba ameumia. Nadhani babu hakumwelewa kwa sababu hiyo hasa, zaidi ya kelele. Kwa babu, aliyepotea hana haki ya kushika kipaza sauti.

Halafu yapo majina yenyewe. Bongo ni ubongo, na Bongo ni Dar es Salaam, hata nchi nzima, kwa maana ya mahali ambapo bila akili huli. Kumwambia mtu achemshe bongo ni kumpa fumbo la redioni na ni kumwonya kuhusu mji kwa pumzi moja. "Mamsapu", wimbo mwingine wa kanda hiyo, unatumia neno ambalo mpishi wa nyumba ya Mzungu alilitumia kumwita mke wa bwana mkubwa, neno lililotoka India likapita jikoni kwa wakoloni likaishia kwa vijana kama jina la mpenzi au mke. Sijui kama kuna kamusi ingeweza kusimulia historia ya utabaka kwa silabi nne namna hiyo. Na Funga Kazi: ni ile ya mwisho, inayohitimisha ubishi wote. Kuiita albamu ya kwanza jina la kufungia kazi ni majigambo, na majigambo ni utanzu halali wa fasihi simulizi, tumeusoma kwa Wahaya, hatuna sababu ya kuukataa ukivaa kofia.

Jambo la lugha ya mitaani limeandikiwa sana kwa lawama. Nitasema tu lilivyokuwa Mlali. Sisi watoto tulikuwa tukiongea Kiluguru na bibi zetu, Kiswahili cha shule na mwalimu, na kanda ile ikawa Kiswahili cha tatu. Tuliisikiliza kama wanafunzi. Tulimwuliza kaka maana ya neno hili na lile, na kaka naye, kwa vile hakutaka kuonekana mshamba, mengine aliyabuni. Miaka kadhaa baadaye nikagundua kwamba maneno mawili matatu niliyokuwa nikiyatumia kwa kujidai hayapo Dar es Salaam kabisa. Yalizaliwa kibandani pale. Anayesema kwamba nyimbo hizi zinaua lugha naomba afike kijijini aone zinavyoizalisha.

Baada ya Funga Kazi, kila mmoja anaijua hadithi, au anajua nusu yake. Mwaka 2001 Haule akatoa albamu yake mwenyewe, Machozi, Jasho na Damu, kwa jina jipya la Professor Jay. Jina la zamani lilikuwa limeazimwa mitaa ya Wamarekani weusi, na lilibeba jeraha la watu wengine. Profesa ni jina la hapa, lina utani ndani yake, kwa sababu nchi hii inawaheshimu maprofesa na kuwacheka papo hapo.

Ndani ya albamu hiyo umo "Ndio Mzee", na hapa nitakaa kidogo, ingawa si wimbo wa kundi. Ulitoka mwaka mmoja baada ya uchaguzi mkuu wa pili wa vyama vingi, ule wa Oktoba 2000. Mgombea anapanda jukwaani anaahidi: nchi itakuwa kama Ulaya, wanafunzi watapelekwa mwezini kwa masomo ya vitendo. Umati unaitikia kila mara, kama jina la wimbo linavyosema. Wengi wameueleza wimbo huu kama kejeli kwa wanasiasa, na wakaishia hapo. Mimi naona walioshikwa hasa ni wale wanaoitikia.

Kumbuka kanuni ya utambaji. Mtambaji anasema paukwa, hadhira inasema pakawa. Jibu la hadhira ni ruhusa: tumekubali, tudanganye, maana sote tunajua hii ni hadithi. Kazi iliyorekodiwa studio imepoteza kitu hicho. Fanani yuko kwenye chumba kilichozibwa magodoro, hadhira iko Mlali na redio ya betri. Katika "Ndio Mzee" hadhira imerudishwa, imetiwa ndani ya kanda. Lakini jibu lake limegeuka, kwani wanaoitikia hawajui kwamba wanaambiwa ngano. Na sisi tuliokuwa kibandani tukawa hadhira ya pili, tunaocheka hadhira ya kwanza, mpaka kampeni zilipofika kijijini nikawasikia watu walewale waliocheka wakiitikia kwa sauti ileile. Baadaye Professor Jay alitoa "Siyo Mzee", umati ukabadili jibu. Kisanaa ni wimbo dhaifu zaidi kwa maoni yangu. Mtunzi amewahurumia wahusika wake.

Ya mwaka 2015 yanajulikana. Joseph Haule aligombea ubunge wa Mikumi, wilaya ya Kilosa, mkoa wetu huuhuu wa Morogoro, kwa tiketi ya CHADEMA, akashinda, akakaa bungeni mpaka mwaka 2020 aliposhindwa. Mwaka huohuo wa 2015 Afande Sele, mchanaji wa Morogoro mjini aliyevikwa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004, aligombea jimbo la Morogoro Mjini kupitia ACT-Wazalendo bila kufanikiwa. Sisi Mlali tuko jimbo la Mvomero, hatukumpigia kura yeyote kati yao, tulitazama tu. Ilikuwa kama kumwona mtambaji anaingia ndani ya ngano yake mwenyewe na kuambiwa sasa wewe ndiye sungura. Namna alivyoifanya kazi ile si mada ya gazeti la fasihi. Ninachotaka kionekane ni kwamba mtu aliyemchora mgombea kwa makini vile alikwenda kusimama jukwaani palepale alipomsimamisha mhusika wake, mbele ya watu wanaoujua wimbo kwa moyo.

Sasa turudi kwa kundi, maana hata mimi nimeanza kufanya kosa ninalotaka kulilalamikia. Angalia aya tatu zilizopita: zote ni za mtu mmoja. Ukimtaja HBC leo kwa kijana wa chuo anakwambia, "Aa, lile kundi la Professor Jay." Fanani amekuwa maelezo ya pembeni. Big Willy vivyo hivyo. Uhakiki wetu wa maandishi una tabia ya kutafuta mwandishi mmoja, jina moja la kuweka mgongoni mwa kitabu, na kazi ya kundi haikubali kutendewa hivyo. Katika Funga Kazi sauti zinapokezana. Sauti inayotawala "Chemsha Bongo" ni ya Nigga J, sikatai, lakini uzito wake unatokana na kuwekwa kati ya sauti nyingine, zenye ukali wa namna nyingine, kama vile mwimbaji kiongozi wa ngoma asivyokuwa na maana bila waitikiaji.

Simu zimezidisha ugonjwa huu. Kwenye simu za wanafunzi wangu wa zamani nimekuta "Chemsha Bongo" mara nyingi, "Mamsapu" mara chache, na nyimbo nyingine za albamu sijazikuta. Utaratibu wa kanda haupo tena: upande wa kwanza, kugeuza, upande wa pili, ule ukimya mfupi ambapo mtu mmoja kibandani husema neno. Sisi hatutahakiki diwani kwa kusoma mashairi mawili ya kwanza, angalau hatutakiri. Nilipoanza kuandika makala haya nilikwenda maktaba moja kubwa nikauliza kama wana kanda yoyote ya Kiswahili ya miaka ya 1990 au 2000 mwanzoni. Mhudumu alikuwa mwema sana. Akaniletea kanda za kujifunzia Kifaransa.

Na tusisahau kwamba nyingi ya kanda zilizotufikia huku milimani zilikuwa nakala za nakala. Sheria ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999 na COSOTA ikaanza kazi mwaka 2001, lakini kibandani Mlali hakuna aliyejua habari hizo. Kaka yangu aliirudufu Funga Kazi kwa yeyote aliyekuja na kanda tupu na hela ya betri. Walioitunga hawakupata hata senti kutoka Mlali, na bila wizi ule mimi nisingeisikia. Sina namna ya kulipatanisha jambo hili, naliacha kama lilivyo.

Ya kaka, ile yenyewe aliyoshuka nayo kwenye gari la kabichi, ninayo. Utepe umekatika mara mbili, na mara zote mbili tuliunga kwa rangi ya kucha ya shemeji, kwa hiyo upande wa pili kuna mahali sauti inaruka neno zima. Likizo iliyopita niliipiga nyumbani. Wapwa zangu wakakaa wakasikiliza mpaka ilipofika mahali pale inaporuka, na mdogo wao, ana miaka saba, akauliza, "Mjomba, hapo alisema nini?"

Nilijua ni wimbo gani, nilijua kina kilichokuwa kinakuja. Neno lenyewe sikulikumbuka. Kaka angekuwapo angebuni.